Mwenye Kukimbia Vita: Ana Haki, au Huomba Sadaka?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyetoka mjini kwake usiku kwa kukimbia shari ya jamaa zake, akapokewa na watu wasiokuwa wa kabila lake.

Ama baad. Katika duru yetu limeulizwa suala ambalo twaona halifai kuachwa likapita. Mtu aliyekimbia vita, akafika mlangoni pa nchi tajiri akaomba hifadhi, nchi ile ikimfungulia huwa imetoa sadaka au imelipa deni? Tofauti ya mambo haya mawili si tofauti ya maneno tu. Asiyetoa sadaka ya hiari amekosa thawabu, wala hashitakiwi. Lakini azuiaye haki ya mtu ni dhalimu, ijapokuwa ni mwenye adabu katika usemi wake na ana karatasi zenye mihuri mkononi mwake.

Nchi tajiri za zama hizi husema kwa vitendo vyake kuwa jambo hili ni sadaka: zikipenda hutoa, zisipopenda hufunga, nazo huchagua za kumpa. Sisi twasema ni haki. Na ushahidi wetu wa kwanza hatuutoi mbali. Twautoa Meru na Embu, katika miteremko ya Mlima Kenya, mahali ambapo wengi wetu wa pwani hatupajui ila kwa jina.

Wazee wa Kimeru wamepokezana habari kuwa asili yao si bara. Wasema walikaa mahali paitwapo Mbwaa, penye maji, wakatawaliwa huko na watu waliowaita Nguu Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Watu hao waliwatumikisha, kisha wakawatwika kazi zisizowezekana: watengeneze ndara yenye manyoya pande zote mbili, wafue mkuki wa kufika mawinguni, na mfano wa hayo, na wakishindwa waangamizwe. Ndipo walipotoroka usiku wakavuka maji, wakaenda bara mwendo wa miaka mingi mpaka wakaufikia mlima. Baadhi ya wanahistoria waliochungua mapokezi haya wameiona Mbwaa kuwa ni Mbwara Matanga, katika kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya Lamu.

Hatusemi kuwa kila neno la kisa hiki ni kweli. Habari za kupokezana huongezwa na hupunguzwa, na kuvuka maji kwafanana mno na kisa cha Nabii Musa. Lakini yatupasa tuzingatie jambo moja. Taifa zima hujieleza kuwa ni uzao wa wakimbizi, na pwani yetu ndiyo waliyoikimbia. Basi mtu wa Lamu au Mombasa amwonaye Mmeru sokoni akamwita mtu wa kuja, na akumbuke kuwa huenda babu wa yule alitoka katika mchanga huu huu, tena kwa kuonewa.

Na ile ndara yenye manyoya pande mbili twaiweka akilini, kwa kuwa tutarudi kwayo.

Sasa twende katika mambo yaliyoandikwa na yasiyo na shaka. Tarehe 28 Julai 1951 mataifa yalikutana Geneva yakaandika Mkataba wa Wakimbizi, ambao nguzo yake ni kuwa mtu asirudishwe mahali ambapo roho yake au uhuru wake utakuwa hatarini. Uingereza iliuthibitisha mwezi wa Machi 1954, nao ukaanza kuwa sheria tarehe 22 Aprili 1954. Siku mbili baadaye, tarehe 24 Aprili, askari wa dola hiyo hiyo waliuzingira mji wa Nairobi katika shughuli iliyopewa jina la Anvil. Watu walisimamishwa barabarani na kutolewa majumbani, wakatengwa kwa makabila yao. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakawekwa upande wao wachujwe, na zaidi ya watu 20,000 wakatiwa kizuizini bila ya hukumu. Wengi walipelekwa Manyani na Mackinnon Road, katika njia yetu hii ya kwendea Nairobi. Wasafiri wetu wapitao Mackinnon Road husimama kumzuru Sayyid Baghali na kuswali msikitini hapo. Ni wachache wakumbukao kuwa jirani ya mahali pale palikuwa na seng'enge na watu nyuma yake.

Mwaka ule na uliofuata, zaidi ya watu milioni moja wa makabila haya matatu walitolewa katika boma zao wakajazwa katika vijiji vipya vilivyozungushiwa mahandaki yenye miti iliyochongwa ncha, wakawekewa saa za kutoka na saa za kuingia, wakatumikishwa kazi za lazima. Na huko Mwea, iliyokuwa katika wilaya ya Embu siku zile, na ambayo mashamba yake makubwa ya mpunga leo yamo Kirinyaga, mahabusi walichimba mifereji ya maji. Mchele wa Mwea twaupika pilau katika arusi zetu. Kuula si haramu, lakini kutojua habari yake ni mughafala.

Na Manda je? Kisiwa kile ambacho yasemekana mababu wa Wameru walikikimbia, katika miaka ile ile ya Hali ya Hatari kilifanywa kizuizi cha watuhumiwa wa siasa waliotolewa bara. Subhana-Llah! Zama hupita na mahali pakabaki pale pale, na aliyeonewa akarudishwa alikotoka mababu zake.

Mtu ataweza kutuambia: "Watu hawa hawakuwa wakimbizi kwa mujibu wa Mkataba. Walikuwa katika nchi yao, na vita vilikuwa vyao." Hayo ni kweli katika herufi ya sheria. Tena Mkataba wenyewe, ulivyoandikwa mwanzo, ulihusu watu waliokimbia kwa mambo yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na kila dola iliachiwa hiari ya kuufungia Ulaya peke yake. Mpaka huo haukuondolewa ila kwa Itifaki ya mwaka 1967. Lakini sisi hatusemi juu ya herufi, twasema juu ya tabia. Mtu aliyeshikwa na vita alitazamwa kwa jina la kabila lake kabla ya kutazamwa kwa kitendo chake. Mwenye bunduki na asiye na bunduki, bibi kizee na mtoto, wote walikuwa watuhumiwa mpaka wajitoe wenyewe katika tuhuma. Tabia hiyo ndiyo iliyosimama leo katika milango ya nchi tajiri.

Wala haisemeki kuwa dola ile haikuwa na uwezo wa kuwapokea watu kwa wema. Miaka michache kabla ya hapo, katika vita vikuu vya pili, Wapoland waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Warusi waliletwa Afrika ya Mashariki, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Tengeru, karibu na Arusha, chini ya mlima ambao nao waitwa Meru, walikaa kiasi cha 5,000, na wengine walikaa Masindi na Koja katika Uganda. Walipewa nyumba, skuli, hospitali na mashamba, na kanisa waliloliacha karibu na Masindi lasimama hata leo. Hatuwahusudu kwa hayo. Walikuwa wamedhulumiwa, na walistahiki. Twauliza tu: serikali iliyojua kumjengea mgeni skuli mwaka 1943, ilisahau vipi mwaka 1954 hata ikamchimbia mwenyeji handaki?

Jawabu ni kuwa haikusahau. Ilichagua. Na kuchagua huku kwaendelea. Mwaka 2022, vita vilipozuka Ukraine, nchi za Umoja wa Ulaya ziliwafungulia milango watu wa huko kwa siku chache tu. Tarehe 4 Machi ziliwasha sheria ya hifadhi ya muda iliyokuwa imelala tangu mwaka 2001, na mamilioni wakapewa ruhusa ya kukaa, kufanya kazi na kusomesha watoto wao bila ya kuchujwa mmoja mmoja. Lilikuwa jambo jema, nasi twalisifu. Lakini Wasiria na Waafghani waliotangulia walikuwa wamekutana na seng'enge. Na mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, wakaachwa njiani watu waliokwisha kukubaliwa. Kisha mwezi wa Mei ikawapokea kwa ndege Makaburu weupe kutoka Afrika ya Kusini. Basi neno "hatuwezi" halikuwa kweli tangu mwanzo. Neno la kweli lilikuwa "hatuwataki ninyi."

Sasa turudi kwenye ndara. Sheria ya Uingereza yasema kuwa mwenye kuomba hifadhi sharti awe ndani ya nchi hiyo. Lakini hapana viza itolewayo kwa ajili ya kwenda kuomba hifadhi. Mtu wa Sudani, ambaye vita vimemtoa nyumbani tangu Aprili 2023, aambiwa asiombe ila akiwa amefika; na akifika kwa mashua bila ya viza, aambiwa amevunja sheria kwa kufika. Je, hii si ndara yenye manyoya pande zote mbili? Nguu Ntune walijua kuwa kazi ile haifanyiki, na kwa sababu hiyo ndiyo waliitaka. Wenye kutunga masharti ya namna hii nao si wajinga.

Sasa tutazame sheria yetu inasemaje. Katika Suratu 't-Tawba, aya ya 6, Mwenyezi Mungu ameamrisha kuwa hata mshirikina, tena katika wakati wa vita, akiomba ulinzi apewe, asikilizishwe maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Amri haikusema apewe akipendeza, wala akiwa na manufaa. Wanachuoni wetu wameweka mlango mzima katika fiqihi uitwao mlango wa Amani. Imamu Nawawi, katika Minhaj isomwayo katika madrasa zetu za pwani, ameeleza kuwa kila Muislamu aliyebaleghe, mwenye akili na hiari yake, amani yake kwa mtu wa upande wa adui husihi. Na wanawake na watumwa wamo katika hukumu hiyo. Siku ya kufunguliwa Makka, Ummu Hani aliwapa amani watu wawili katika jamaa za mumewe, na ndugu yake Sayyidna Ali akataka kuwaua. Alikwenda kwa Mtume s.a.w., naye akaitimiza amani aliyoitoa mwanamke yule. Tazama: hifadhi si milki ya mtawala peke yake aitoe na aizuie apendavyo, ni jambo ambalo hata mnyonge wa umma aweza kulifunga, na umma wote ukalazimika nalo.

Na kisa cha Najashi, mfalme wa Uhabeshi, chajulikana na watoto wa chuoni, lakini kina mafunzo ambayo hatuyatumii. Maquraishi waliwatuma Amr bin Al-As na Abdullahi bin Abi Rabia na zawadi za ngozi ili wahajiri wakamatwe na warudishwe. Najashi hakuwatoa kwa neno la upande mmoja. Aliwaita, akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib, akatambua. Kisha akawalinda na zawadi akazirudisha. Hapa pana mambo matatu: alisikiliza kabla ya kuhukumu, hakuuliza wageni wana faida gani kwake, na hakukubali kununuliwa.

Linganisha na biashara ya leo. Mwezi wa Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulipatana na Uturuki kwa ahadi ya euro bilioni 6, ili watu wazuiwe huko. Mwezi wa Aprili 2022 Uingereza ilipatana na Rwanda iwapelekee waombao hifadhi, ikalipa mamilioni ya pauni. Mahakama yake kuu kabisa ikahukumu Novemba 2023 kuwa ni kinyume cha sheria, na serikali mpya ikauvunja mpango huo Julai 2024. Zamani mdhalimu alileta zawadi ili mkimbizi arudishwe, na mfalme akazikataa. Leo mfalme mwenyewe ndiye abebaye zawadi, akizunguka kutafuta wa kumchukulia mgeni wake.

Ziko hoja tatu ambazo lazima tuzijibu, kwani si insafu kuzificha.

Ya kwanza ni kuwa kila mwenye nyumba ana haki ya kuchunga mlango wake, na nyumba haipokei watu wote. Twakubali. Lakini hoja hii ingekuwa na nguvu lau tajiri ndiye aliyejaziwa nyumba. Hesabu ya shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi yaonesha kuwa mwisho wa mwaka 2024 waliohamishwa na vita na mateso duniani walikuwa milioni 123.2, na katika wale waliovuka mipaka, 73 kwa kila mia walikuwa katika nchi za pato la chini na la kati. Chad, ambayo ni katika nchi maskini mno, imepokea Wasudani mamia ya maelfu. Dadaab yetu, iliyofunguliwa mwaka 1991 kwa watu 90,000, ilikuwa na karibu nusu milioni mwaka 2011. Mwenye kibanda amelaza wageni sebuleni na ukumbini, na mwenye kasri apiga kelele kuwa amejaziwa.

Ya pili ni kuwa miongoni mwa waombao wamo waongo na wahalifu. Wamo, kama walivyomo miongoni mwa wenyeji. Dawa yake ni aliyoitumia Najashi, nayo ni kusikiliza kila mtu na neno lake. Mwenyezi Mungu ametufunza kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Kuwakamata watu kwa kabila lao kwa sababu ya kosa la baadhi yao ni hukumu ya Anvil, wala si hukumu ya Kiislamu.

Ya tatu ni ile methali yetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Husemwa kana kwamba maana yake ni kumchoka mgeni. Sivyo. Methali ina vipande viwili, na kila kipande ni wajibu. Siku mbili ni za kumkirimu. Jembe ni la kumpa heshima ya kula jasho lake. Nchi tajiri zimevunja vyote viwili: hazikumkirimu, na jembe zimemnyima. Katika Uingereza mwombaji hifadhi kwa kawaida hana ruhusa ya kufanya kazi, na hawezi hata kuiomba mpaka apite mwaka bila ya jawabu. Kisha asemwa ni mvivu alaye kodi za watu. Umefunga mikono ya mtu, kisha wamlaumu kuwa halimi!

Ndugu zetu, lau tungekomea hapa mngefurahi, kwa kuwa ni rahisi kuyasoma makosa ya Wazungu. Lakini gazeti la islahi haliandikwi kwa kuwafurahisha wasomaji. Wasomi wetu wamezoea kuisifu Hijra juu ya mimbari, ilhali dola za Kiarabu za Ghuba, zenye neema kubwa kabisa katika nchi za Waislamu, hata moja haikuingia katika Mkataba wa 1951. Zimewapokea Wasiria wengi kama wafanya kazi na jamaa za wafanya kazi, na zimetoa mali nyingi. Lakini mfanya kazi ukaaji wake umefungwa na kazi yake, na haki ya hifadhi ni jambo jingine. Mali haisimami mahali pa mlango.

Na nchi yetu Kenya, iliyosifika kwa kupokea, mwezi wa Aprili 2014, miaka 60 kamili baada ya Anvil, iliwakusanya Wasomali maelfu kutoka Eastleigh, wengine ikawaweka katika uwanja wa Kasarani wachujwe. Mji ulikuwa ule ule, mwezi ule ule, na mchujo ule ule; waliobadilika ni wachujao na wachujwao. Mwaka 2016 serikali ilitangaza kuifunga Dadaab, na Mahakama Kuu ikaizuia Februari 2017. Uonevu una tabia hii, kuwa aliyeonewa asipojihadhari huurithi.

Na sisi watu wa pwani? Mwaka 1991 na uliofuata, Wabarawa na watu wa Benadir walifika Mombasa kwa mashua. Ni watu wa madhehebu yetu, wakakaa kambini Utange na penginepo mpaka kambi zikafungwa na wengi wakahamishiwa Kakuma. Wako waliowapokea majumbani mwao, Mwenyezi Mungu awalipe. Na wako waliopandisha kodi ya chumba mara walipowaona. Na mwezi wa Agosti 1997, Likoni ilipowaka moto, watu wa bara waliokaa nasi miaka mingi walikimbilia kanisani na watoto wao. Wangapi katika majirani zetu waliokimbilia msikitini wakaona mlango u wazi? Suala hili twaliacha kwa kila mtu na nafsi yake.

Yatupasa basi tufanye nini? Dola za mbali hatuna amri juu yake, lakini yako yaliyo mikononi mwetu. Katika mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika Suratu 't-Tawba, limo fungu la mafukara na limo fungu la msafiri aliyekatikiwa. Kamati zetu za misikiti ziwatazame wakimbizi katika mafungu hayo, wala zisiwahesabu kuwa ni watu wa nje. Mwenye nyumba asimpandishie kodi aliyekimbia kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Mwenye duka asimtumikishe kwa nusu ya ujira kwa kuwa hana karatasi za kumshitakia. Mwalimu wa madrasa asimrudishe mtoto kwa kukosa ada. Na lipitapo tena gari la kuwakusanya watu kwa kabila lao, tusiwe wa kunyoosha vidole. Twende na wakili, tutoe ushahidi, tuseme huyu ni jirani yetu nasi twamjua. Hiyo ndiyo amani ya Ummu Hani katika zama zetu, na kila mmoja wetu aliye mnyonge aiweza.

Tarehe 6 Juni 2013, serikali ya Uingereza ilisimama bungeni kwake ikasema yajuta kwa mateso ya Hali ya Hatari, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228. Ilikuwa imepita karibu miaka sitini. Wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa Embu, Meru, Nyeri na Murang'a. Deni la haki halifi kwa kucheleweshwa; hukua. Lau lilikuwa sadaka, nani angelidai baada ya miaka sitini? Wazee wale walidai kwa sababu lilikuwa haki, na aliyedaiwa alilipa kwa sababu naye alijua.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awafungulie milango wenye kufukuzwa, awalainishe nyoyo wenye funguo, na asitujaalie sisi kuwa Nguo Nyekundu juu ya mtu yeyote. Wa bi-Llahi 't-tawfiq.